Kifundo cha Mkono wa Mama

"Chepto, mbona umeniachilia?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amefumba macho, kwenye kitanda cha hospitali ya Longisa, saa nne asubuhi. Nimonia ilikuwa imemmaliza nguvu. Nami nilikuwa nimekamata vidole vyake kwa nguvu zangu zote.

"Nimekushika, Mama."

"Wacha uongo."

Nilikaza zaidi. Aliaga dunia kabla ya chakula cha mchana kuletwa.

Alikuwa amechuma majani ya chai huko Kimulot tangu kabla sijazaliwa. Vidole vya wachumaji hujaa utomvu mweusi, kwa hiyo ukiwakuta shambani hawakupi kiganja. Wanakunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono, unashika hapo. Ni adabu. Lakini Mama alitoa kifundo hata Jumapili mlangoni mwa kanisa, mikono imesuguliwa ikang'aa.

"Huyu anatusalimia kama makanika," jirani yetu alimtania. "Ama umeficha sadaka humo ndani?"

Mama alicheka. Nyumbani, vikombe vilimponyoka, na vifungo vya sweta nilimfungia mimi. Jirani akasema ni baridi ya ukungu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nabishana na kila mtu.

"Baridi gani inachagua dole gumba na viwili vinavyofuata, halafu inaruka kidole cha mwisho?"

"Karo yangu yote," Mama akasema, "mtoto anasomea kubishana na baridi!"

Tukacheka wote. Swali lilikuwa zuri. Sikulifuata, kwa sababu nililiuliza ili nishinde tu.

Mama alikuwa ameshazikwa siku mwalimu wetu wa tiba ya mikono alipochora kifundo ubaoni: mfereji mwembamba, kano tisa, na neva moja iliyosongamana nazo. Mfereji ukivimba, neva hubanwa. Vidole hufa ganzi, kile cha mwisho husalimika, na nyama iliyo chini ya dole gumba hunywea. Niliweka kalamu chini. Hiyo nyama iliyonywea ndiyo aliyoificha ndani ya ngumi, na sisi sote tulimsalimia kwa kumshika papo hapo palipobanwa.

Angalau sasa nilijua kwa nini hakunihisi. Nilijaribu kutulia na jibu hilo. Lakini kila ninapompima mgonjwa, nikamwambia afumbe macho, nikamgusa kidole na kuuliza kama anahisi, akikawia kujibu namsikia Mama.

Mwaka jana, nikifundisha wanafunzi wangu wa kwanza, nilifuata neva ile kwenye mkono wa maiti uliopasuliwa, na nikaona kitu nilichokikosa nilipokuwa mwanafunzi. Kabla ya mfereji, neva hutoa tawi jembamba kama uzi. Tawi hilo haliingii ndani. Hupita juu na kwenda kwenye ngozi ya katikati ya kiganja, na halibanwi.

Kiganjani, Mama alikuwa bado anahisi, nami nilimshika vidole.