Babu Hazimwi

Hospitali nzima ilimwita Fundi Baridi, na jina likamkaa. Majokofu ya chanjo, friji za maabara, viyoyozi vya vyumba vya upasuaji, hata zile droo za chumba cha maiti, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, na bisibisi haikutoka mfukoni mwake hata siku ya harusi ya watu. Wanaume walioanza naye kazi walikwisha kuchoka na kwenda zao. Yeye alibaki, akawa na kiti chake cha kukunja nyuma ya jengo la kufulia na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Kilichomwingiza kwenye seva ni kiyoyozi. Chumba cha seva kilikuwa nyuma ya idara ya mionzi, kidogo, hakina dirisha, zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Seva zenyewe ni kompyuta tu, ila hazina kioo wala kibodi. Zimelazwa ndani ya kabati la chuma moja juu ya nyingine, na humo ndimo hospitali inamotunza picha, vipimo na majina ya watu wake. Zinatoa joto kama tanuri la mkate, kwa hiyo kiyoyozi cha mle hakijui mapumziko. Mwangalizi wa chumba hicho alikuwa kijana mrefu, mkavu, aliyeitwa Bwana Nyaya. Siku moja Fundi Baridi alimkuta amelala chali chini ya kabati, tochi ameing'ata kwa meno.

"Mwanangu, hebu toa hiyo tochi nikushikie," akamwambia. "Meno hayana spea."

Urafiki ukaanza hapo. Akawa anamaliza kukagua kiyoyozi, kisha anabaki kushika tochi na kuuliza maswali. Mwanzo alijifunza kwa udadisi tu, maana mtu aliyefungua mashine maisha yake yote haoni mfuniko akatulia. Baadaye alijifunza kwa hofu, na hofu hiyo ililetwa na mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, wa tumbo moja, na katika ule ukoo walikuwa wamebaki wao wawili. Alikuwa na ulimi wa kukata kuliko mkasi wake. Aligundulika ana saratani ya shingo ya kizazi. Daktari alisema inatibika, ila kwa sharti moja: mionzi ikianza isikatike katikati, kwa sababu ikikatika ugonjwa unapata mwanya. Walimpiga picha, mtaalamu wa vipimo akakokotoa mionzi ipite wapi na kwa kiasi gani, wakamchora alama za wino tumboni. Hesabu zote za mwili wake zikawekwa kwenye seva ya chini kabisa, iliyo kongwe kuliko zote. Bwana Nyaya aliiita Babu.

"Kwa hiyo mimi nalala kwenye kabati lenu?" mdogo mtu akauliza.

"Unalala kwa Babu."

"Basi mwambie Babu mikono yake akae nayo."

Walicheka sana siku hiyo. Kuna watu wanaocheka ili wasilie, na hao wawili walikuwa mabingwa wa kazi hiyo.

Fundi Baridi akazidi kukazana. Akajifunza kugusa chuma kwanza kabla ya kugusa kadi yoyote ya ndani ya mashine, ili umeme wa mwilini usiiunguze. Akajifunza kwamba taa ya kijani ni salama na ya rangi ya chungwa ni mgonjwa anayeita. Akajifunza kubadili feni iliyochakaa huku mashine inaendelea kufanya kazi. Masikio yake yalimsaidia: aliweza kusimama mlangoni akasema feni ipi inataka kufa. Bwana Nyaya alimfundisha diski pia, zile sahani zinazozunguka ndani ya seva na kubeba kila kitu.

"Babu ana diski nne," alimweleza. "Chukulia ni kitanda. Mguu mmoja ukivunjika, unaegemeza tofali, unalala. Ikivunjika miwili, mko sakafuni wote."

"Na huyu Babu mbona hujamfungua hata siku moja tukamsafisha?"

Bwana Nyaya akatikisa kichwa. "Mama, hizi nyingine zima, washa, upendavyo. Babu hazimwi. Diski zake zimezunguka miaka mingi bila kusimama. Zikisimama zikapoa, zinaganda. Akilala huyu, haamki. Nimeomba mpya mpaka nimechoka, wananiambia si inafanya kazi?"

"Na akifa hivihivi?"

"Kila jioni kanda inachukua nakala."

"Umeshawahi kuisoma hiyo nakala ukaona kilichomo?"

"Taa inawaka kijani, mama."

Katika kazi ya Fundi Baridi mtu hasemi friji inagandisha kwa sababu taa inawaka. Anafungua mlango anatia mkono. Lakini alikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi akimuuliza mwalimu mara mbili anaonekana mjuaji. Akaliacha.

Na kuna jingine aliloliacha, na hili lilikuwa lake mwenyewe. Mashine ya nje ya kile kiyoyozi ilikuwa ukutani, karibu na jengo la kufulia, na kila siku ilivuta nyuzinyuzi za mashuka zikajaa kwenye mapezi yake, yale mabati membamba ya kupitisha hewa. Kazi yake ilikuwa kuyapiga brashi. Zamani hakuwahi kuchelewa. Siku hizo, kila akichukua brashi, Bwana Nyaya anamwita kuna kitu cha kuona ndani, naye anasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mshika mbili moja humponyoka, na wahenga hawakusema inayoponyoka ni ndogo.

Ikafika siku Bwana Nyaya alikwenda kuzika kwa wakwe, mbali, huko simu haishiki. Mdogo mtu alikuwa amekwisha kuanza mionzi, hajafika nusu. Mchana wa jua kali Fundi Baridi alikuwa anapita kwenye ukumbi wa mionzi akasikia feni zinapiga mayowe. Alijua kabla hajafungua mlango. Joto lilimpiga usoni. Kiyoyozi kilikuwa kimya: mashine ya nje imezibwa na nyuzi, ikachemka, ikajikata yenyewe.

Akafungua mlango wazi. Akaleta feni za miguu kutoka wodini. Akakimbia nje, akaimwagia ile mashine maji, akang'oa nyuzi kwa vidole mpaka vikatoka damu. Ingewaka tena, lakini si kabla ya kupoa, na kupoa kunataka muda. Aliporudi ndani alikuta taa moja ya Babu imegeuka rangi ya chungwa. Mguu mmoja wa kitanda. Akapiga simu kwa Bwana Nyaya. Akajibiwa na yule mwanamke asiyechoka kusema hapatikani. Akapiga tena.

Akasimama mbele ya kabati, jasho linamtiririka. Babu hazimwi: alilijua neno hilo, alikuwa akilirudia hata kwa mdogo wake kama mzaha. Lakini kichwa kina mwalimu mmoja na mikono ina mwingine. Mikono yake ilikuwa imefundishwa tangu ujana kwamba kitu kikichemka kinazimwa kwanza, maswali baadaye. Ameona kompresa ngapi za friji zimeungua kwa sababu mtu aliogopa kuzima? Na humo ndani kulikuwa na tumbo la mdogo wake, limepimwa nukta kwa nukta. Akaona linaungua. Akatia kidole kwenye kitufe, akakandamiza, akashikilia.

Chumba kikatulia. Na yeye akapumua, akasikia raha, raha kabisa, kama mtu aliyemnyakua mtoto barabarani. Mengine yote aliweza baadaye kujieleza nayo. Ile raha hakuweza.

Kiyoyozi kilirudi, chumba kikapoa, akamwasha Babu. Feni zikazunguka, taa zikawaka. Kisha kutoka chini ikaja sauti ndogo, tik, ikanyamaza, tik. Diski mbili hazikuzunguka. Alipiga magoti akaweka sikio pale kwenye chuma, yeye mwenye masikio ya kusifika, akasikiliza mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anaumwa.

Bwana Nyaya aliporudi alijaribu kila alichojua. Halafu akaleta kanda za nakala. Zilikuwa na majina ya mafaili yote, yamepangwa vizuri, na ndani ya majina hayo hamkuwa na kitu. Alikaa sakafuni. Hakumlaumu Fundi Baridi, wala Fundi Baridi hakumlaumu yeye. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa kumtosha.

Mionzi ikasimama. Wagonjwa wote walitakiwa wapigwe picha upya na kupimwa upya, na mtaalamu wa vipimo alikuwa mmoja. Foleni ikawa ndefu. Wakubwa walitangaza hitilafu ya umeme, wakaagiza seva mpya kwa haraka ambayo haikuwahi kuonekana pale. Fundi Baridi hakufukuzwa. Walihitaji mtu wa kuifunga hiyo mpya.

Lakini maneno hayana mlango. Siku moja alikuwa anapita na sanduku lake la vifaa mbele ya benchi la kusubiria mionzi. Wanawake walikuwa wamejaa pale, mdogo wake katikati yao. Mmoja mwenye kilemba cha kijani alikuwa anasema, "Nasikia si umeme. Ni fundi, kaizima kwa mkono wake mwenyewe. Sijui nani. Mkono huo na ukauke!"

"Na ukauke!" benchi likaitikia.

Mdogo mtu aliinua uso, akamtazama dada yake machoni, akapaza sauti kuliko wote. "Ukauke! Na usingizi asiupate, na akiita asiitikiwe!"

Fundi Baridi alipita. Sanduku lilikuwa zito kuliko siku zote, lakini alipita.

Jioni nyumbani mdogo mtu alikuwa anapindia shuka kwa mkono, cherehani ilikwisha kumshinda. Hakuinua macho. "Ulinisikia leo?"

"Nilikusikia."

"Nilipaza vizuri?"

Dada mtu akakaa kitini. "Ulijua ni mimi?"

"We dada, tumelala godoro moja mimi na wewe. Pasi ikinuka kidogo tu, umeshachomoa waya. Nani mwingine angezima?" Akakata uzi kwa meno. "Ningenyamaza, wangejiuliza huyu mbona kanyamaza. Wale wana waume, wana watoto wakali. Wakijua, wanakuua. Ndiyo nikakuapiza kwa nguvu. Usiliweke moyoni."

"Una hasira na mimi?"

"Ninayo, tena sana. Nikiamka usiku naumwa, nakutukana." Akashona kidogo. "Ila dada ninaye mmoja. Nikikutoa wewe, nani atanifunga hivi vifungo vya mgongoni?"

Walicheka, kisha wakalia, na hapo hakukuwa na ubingwa wowote.

Zamu yake ya picha ilifika. Daktari alizitazama, kisha hakumwita mgonjwa. Alimwita dada kwenye ukumbi. Fundi Baridi aliijua sura ya mtu anayekuja kusema kitu hakitengenezeki, maana yeye mwenyewe aliivaa mara nyingi. Ugonjwa ulikuwa umepita mahali pa kufikiwa.

Seva mpya ilikwisha kufungwa. Aliifunga yeye na Bwana Nyaya, diski kwa diski, na nakala yake waliifungua na kuisoma kila siku. Mapezi ya ile mashine ya nje yaling'aa. Kila kitu kilifanya kazi. Mdogo wake alifia nyumbani, kwenye godoro lao, asubuhi, huku anafungwa vifungo.

Wanawake wa benchi walikuja msibani, si wote, maana si wote walikuwepo tena. Mwenye kilemba cha kijani alikuja akishikiliwa na binti yake. Wakakaa mkekani. Fundi Baridi alikuwa anapitisha vikombe vya chai. Mtu asiye na kazi ya mikono hapo angeanguka.

"Alikuwa na maneno huyu," mwenye kilemba akasema, anafuta machozi. "Alitufanya tucheke mpaka na maumivu. Lakini siku ile alimwapiza yule fundi, mlikuwepo? Alimwapiza kwa moyo wake wote. Na dua ya marehemu haianguki chini. Mungu aipokee."

"Amina," wakaitikia.

Kisha wakamtazama mfiwa, dada yake wa pekee, aliyesimama na sinia na hajafungua kinywa. Binti wa yule mama alianza kumtazama kwa makini zaidi.

Akakumbuka alivyofundishwa na mdogo wake.

"Amina," akasema, akapaza sauti kuliko wote.