Aliyepima Pamba na Aliyelipwa

Siku ya kwanza kuripoti benki kuu, katika tawi letu la Kanda ya Ziwa, nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, na kazi niliyopewa ilikuwa kubeba bahasha. Nyinyi mnaotuma pesa mkiwa juu ya bodaboda hamtaamini, lakini wakati ule hundi ya mfanyabiashara wa Shinyanga ilisafiri kwa basi. Makarani wa mabenki yote walikutana kwetu asubuhi, wakabadilishana hundi, kila benki ikajua inamdai nani na inadaiwa na nani, nasi tukahamisha ile tofauti tu. Huko ndiko kulipana kwa mabenki. Meneja wa Tawi, mzee asiyejua kucheka, aliniambia nikipoteza bahasha moja kuna mtu atalala njaa kwa sababu yangu. Nilidhani ananitisha tu.

Baadaye nilihamishiwa makao makuu, idara ya mifumo ya malipo. Nilikuwepo kompyuta zilipochukua kazi ya bahasha, na malipo makubwa yakaanza kukamilika papo hapo. Nilikuwepo pia mitandao ya simu ilipounganishwa, mtu wa mtandao huu akamtumia wa mtandao ule. Nilitumwa Geita kuwashawishi wanunuzi wa dhahabu waliozoea kutembea na mabulungutu ya noti kiunoni, walipe kwa simu. Walinicheka kwanza, kisha wakanisikiliza, maana majambazi walikuwa wamewachosha. Nilirudi nimevimba kichwa.

Niseme pia kwamba kule makao makuu nilikuwa nimeshajikwangua Usukuma wote ulimini. Mtu akiniuliza kwetu wapi, nilijibu "Kanda ya Ziwa", nikabadilisha mazungumzo.

Ikaja zamu ya pamba. Wakulima walikuwa wakilipwa taslimu mizanini, na pesa ziliibwa njiani kila msimu. Kamati yetu iliamua walipwe kwa simu. Swali likawa: kwa namba ya nani? Mkurugenzi alinigeukia mbele ya wote.

"Bi. Limi, wewe ni mtoto wa Kishapu. Huko nyumbani pesa ya pamba anapokea nani?"

Jibu nililijua tangu utotoni. Kwetu mke ana shamba lake la pamba, pembeni ya lile la mume. Anayefikisha mzigo wake mizanini ndiye anayenyoosha mkono kupokea. Ada zangu za shule zilitoka kwenye mkono wa mama yangu. Lakini pale mezani, mbele ya wataalamu waliosoma Ulaya, niliona aibu kuanza kueleza mambo ya wake wawili, mashamba ya pembeni na mikokoteni ya ng'ombe. Nilitaka kwetu kuonekane kumenyooka.

"Baba mwenye kaya," nikasema.

Ikaandikwa hivyo: kaya moja, namba moja.

Msimu ulipofunguliwa nilikwenda Kishapu na Mkurugenzi kushuhudia. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi alipopima mama mmoja, Nkwimba, mke mdogo wa mfugaji mmoja wa pale. Alikuwa ameleta pamba yake mwenyewe, safi, bila takataka. Karani akamwambia pesa imeshaingia. Nkwimba akatoa simu yake, akaitazama, akasubiri. Karani akamweleza kwamba imeingia kwa mumewe. Mumewe alikuwa mnadani, na kufikia jioni pesa ile ilikuwa imegeuka dume la ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Aliona pesa kwenye simu yake, akafanya kama wanaume wa kwetu wafanyavyo.

Nkwimba hakupiga kelele. Alinifuata kwenye gari, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", salamu yetu kwa mama, nami, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa karibu, nikamjibu kwa Kiswahili. Akaendelea kwa Kisukuma, akaniambia pesa ile ilikuwa ya binti yake Ng'wasi, aliyepata nafasi chuo cha uuguzi, na chuo kilikuwa kinafunguliwa wiki ile.

"Wewe umezaliwa hapa," akasema. "Hukuwaambia?"

Mkurugenzi akauliza mama anasema nini. Nikamwambia anashukuru.

Ndiyo, nilisema hivyo. Uso unaniwaka hata ninapoandika.

Niliporudi nilipigania kanuni ibadilishwe, na msimu uliofuata ikawa anayepima ndiye anayelipwa, kwa namba yake. Nilisifiwa kwa hilo. Kwenye sherehe ya kuniaga, Mkurugenzi alisema mimi ndiye niliyewafundisha kijiji kilivyo. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa nimestaafu, nimejenga Mhunze, hukohuko Kishapu. Vijana wa benki wakinijia kutaka ushauri, nawaambia mtambo ni rahisi kuliko kumjua mtu anayeutumia, na kwamba anayejua akanyamaza ni mbaya kuliko asiyejua. Wanaitikia kwa heshima.

Mwaka jana nilijikaza nikaenda kwa Nkwimba. Nilimsalimu kwa Kisukuma. Nikamweleza yote, la kamati na la kwenye gari, nikaomba radhi. Alinikaribisha kiti, akanipa uji, akaniambia hana kinyongo, siku hizi pesa yake inaingia kwake na mumewe hata hajui kiasi.

Nikauliza habari za Ng'wasi. Akasema aliolewa Kagongwa mwaka uleule nafasi ya chuo ilipompita, anauza mchele, watoto wake hawajambo.

"Mimi ulinirekebishia, mayu," akasema. "Yeye alikuwa na ule mwaka mmoja tu."