Kle Iliyorudi Tupu

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa chama cha programu huru hapa Uvira. Chama hicho kina desturi moja: kabla ya kuagana, kila mgeni hutoa kle yake, kile kifaa kidogo cha kuhifadhia data, akanakiliwa programu ili aipeleke kwao bila kuomba ruhusa ya mtu.

Safari hii rais wa chama alimkaribisha mjumbe wa kampuni moja ya kuuza programu, ambaye alionyesha programu mpya ya shule, akagawa fulana, akapigiwa makofi. Ndipo mwalimu mmoja kutoka Runingu, ambaye shule yake haina intaneti, alipoinuka na kumnyooshea mjumbe kle.

"Papa, unitilie na miye. Batoto banangojea."

Mjumbe alicheka. "Hii hakuna kukopi, mama. Kila mashini inalipiwa, tena kwa intaneti."

Mwalimu alimgeukia rais. "Na ile programu yetu ya zamani iliyokwama, mutaitengeneza?"

"Ile tumeacha, mama mwalimu. Weye unabakia nyuma sana."

Rais, ambaye ndiye aliyemfundisha desturi ile, aliichukua kle, akairudisha kiganjani mwa mwalimu, akamfumba vidole kimoja baada ya kingine, kwa upole ambao sikuupenda.

Mlangoni nilimuuliza rais kama chama sasa kitaondoa neno ‘huru’ katika jina lake.

"Hapana," alijibu, akinyoosha fulana yake mpya. "Kampuni imeomba jina libaki. Ni lenyewe linaleta batu."