Akiitwa Haitiki

"Si angeitika tu 'abee' kama wenzake?"

Naibu wa mwalimu mkuu aliyasema hayo huku anachovya mahamri kwenye chai, na hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nilikuwa nimesimama ofisini mwake tangu kengele ya mapumziko ya saa nne, maziwa yananivuja kwa sababu mtoto wangu wa miezi mitano alikuwa nyumbani hajanyonya, nami namweleza kwa upole, mara ya tatu, kwamba msichana huyu ni kiziwi. Hasikii. Ndipo akanijibu vile. Nikaichukua rejista, nikaibwaga mezani, chai ikamrukia shati lake jeupe.

"Mwalimu," nikamwuliza, "kiziwi hasa ni nani humu ndani?"

Alikuwa na umri wa baba yangu. Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama lile, wala sikuomba radhi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya upili huku Likoni, na mimi nilikuwa mkuu wa kitengo cha viziwi. Cheo kisikudanganye. Sikusomea ualimu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikachukuliwa na bodi ya shule kusaidia tu, kwa kuwa kwetu Jomvu Kuu nilikua na mdogo wangu kiziwi na mikono yangu ilishazoea kusema. Mwalimu aliyeisomea kazi hiyo akahamishiwa bara. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia nishike kwa muda mpaka aletwe mwingine. Nikashika. Muda ukawa miaka mitatu, hakuletwa mtu. Idara yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya majembe, wanafunzi tisa, na ubao uliopasuka katikati. Nikiingia chumba cha walimu walikuwa wakisema, "Simameni, Waziri wa Stoo kaja," wakicheka, nami nikicheka nao. Sasa nikikumbuka kicheko changu kile najiona mjinga.

Msichana mwenyewe alikuwa ndiye anayeingia kidato cha nne mwaka ule, na sijapata mwanafunzi kama yeye. Madarasa mengi alikaa na wanaosikia, jioni anarudi stoo namrudilia masomo kwa mikono. Alipokuwa na miaka minane aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona yeye, masikio hayakupona. Ulimi ulibaki mzima. Alizungumza Kiswahili cha kwao kilichonyooka, na kila akikutana na naibu alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," huku macho yako mdomoni mwake aone kama amejibiwa.

Huko kusema vizuri ndiko kulikomponza. Naibu alikuwa mwenyeji wa hapa hapa, mwalimu wa Kiswahili, na kwake adabu ilikuwa nusu ya elimu. Mtoto wa kike akiitwa ajibu abee, wa kiume ajibu naam, mambo kwisha. Hakuamini kabisa kwamba mtu anayeamkia vile hasikii. Kwake yeye huyu alikuwa anasikia akipenda. Aliwaambia walimu wengine kwamba msichana ana kiburi na mimi ndiye ninayemdekeza.

Sasa sikiliza alivyofanya. Mwaka uliotangulia aliiondoa rejista mikononi mwa walimu wa madarasa. Majina yakawa yanaitwa asubuhi gwarideni, shule nzima, naye akiyaita amesimama langoni, nyuma ya mistari, ili awanase wachelewaji. Aliyeitika alipata alama. Asiyeitika alipata sifuri. Siku za kwanza jirani wa msichana mstarini alikuwa akimgusa kiwiko jina lake likiitwa, naye anaitika. Naibu akaliona hilo, akaliita udanganyifu, yule jirani akala viboko viwili mbele ya watu. Tangu hapo hakuna aliyemgusa. Msichana akawa anakuja kila asubuhi, sare imepigwa pasi, anasimama mstari wa mbele kwa sababu ni mfupi, na nyuma yake anaandikwa kwamba hayupo.

Utaniuliza, na wewe mkuu wa kitengo ulikuwa wapi? Asubuhi nilikuwa natapika kwa mimba. Mtoto alipozaliwa nikawa nakimbilia nyumbani kunyonyesha. Gwarideni sikuwa nafika. Kila mwisho wa mwezi rejista ililetwa stoo nitie sahihi upande wa wanafunzi wangu, nami nilitia, mguu mmoja ndani mmoja nje, bila kuusoma hata ukurasa mmoja.

Mwaka mpya ulipoanza, ikafika wiki ya kuandikisha watahiniwa, orodha ikabandikwa ukutani. Jina lake halimo. Sheria ya shule ilikuwa kwamba aliyekosa siku thelathini katika mwaka haandikishwi, na yeye alikuwa na sifuri zaidi ya hizo. Hiyo ilikuwa Jumanne. Orodha ilikuwa ipelekwe Ijumaa, na ikishapelekwa, mwaka wake umekwenda. Babake alishasema wazi kwamba hatalipia mwaka mwingine, bora aolewe.

Baada ya kisa cha chai niliitwa kwa mwalimu mkuu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinikalisha, akaifungua rejista taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akinionyesha kwa kalamu.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

Akaifunga. "Hii ni hati ya serikali, mama. Haifutwi kwa sababu mtu amekasirika."

Nilirudi stoo nikamkuta msichana ananisubiri, orodha ameshaiona. Hakutumia mikono. Alinisemesha kwa ile sauti yake safi. "Mwalimu, mimi sikukosa hata siku moja. Nilikuwa mbele kabisa. Hakuniona?"

Nikamwambia kwa mikono kwamba naibu alikuwa akimwita kutoka nyuma.

Akatoa daftari lake la insha. Mwanzoni sikuelewa anataka nini, mpaka aliponionyesha tarehe. Wino mwekundu, hati ya naibu mwenyewe: kazi nzuri, lakini rekebisha mwandiko. Insha ile iliandikwa darasani mbele yake na kusahihishwa siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo kwenye rejista ana sifuri. Tukafunua. Ziko nyingine nne za namna hiyo. Nilikwenda mbio, wallahi nilidhani tumeshinda. Naibu aliutazama wino wake, shati bado lina doa la chai, kisha akalifunga daftari akanirudishia.

"Daftari si rejista," akasema.

Jumatano nikamwachia mtoto mavyaa, mama wa mume wangu, nikavuka kwa feri kwenda ofisi ya elimu. Tulikaa wengi kwenye benchi, na karani alikuwa akiita majina dirishani bila kuinua kichwa. Lilipofika langu, "Abee!" ikanitoka kabla sijafikiri, nikajikuta nimeshasimama.

Karani aliisoma barua yangu, akaniambia malalamiko ya mwalimu hupitia kwa mwalimu mkuu wake. Nikamwambia mwalimu mkuu ni mmoja wa wanaolalamikiwa. Akafungua faili, akatafuta, akatikisa kichwa. Mkuu wa kitengo kile, kwa karatasi zao, alikuwa bado ni yule aliyehamishiwa bara.

"Wewe huku hutambuliki, dada. Ukitaka, andika kama raia tu."

Akanipa karatasi moja ya fulskepu. Nilirudi kwenye benchi, nikaiwekea daftari la insha chini, nikaandika upya. Hiyo ndiyo karani aliyoipiga muhuri:

"Mimi ni mkaazi wa Likoni. Nalalamika juu ya watu watatu. Wa kwanza ni naibu wa mwalimu mkuu, aliyemwita kiziwi kutoka nyuma akamwandika hayupo. Wa pili ni mwalimu mkuu, aliyejua kwamba mwanafunzi ni kiziwi akakataa kurekebisha. Wa tatu ni mimi niandikaye, niliyetia sahihi kila mwezi bila kusoma. Naambatisha daftari. Naomba jina la mwanafunzi liingizwe kabla ya Ijumaa. Mkitaka kumhoji, anasema vizuri na atawajibu yote. Ila msimwite kwa nyuma. Zungukeni mbele, akuoneni."