Hii Mtoto ni Yangu

Mama mkwe wangu alifundisha Kiswahili Mombasa mpaka akastaafu, na akiupata ukurasa huu ataushika na kalamu nyekundu. Kwa hivyo nimeandika kwa uangalifu. Lakini siku ninayotaka kuieleza sikuwa na uangalifu wowote, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Ilikuwa Desemba, na Mama alikuwa amekuja kumchukua binti yangu. Si kumtembelea, kumchukua. Binti alikuwa na miaka sita, shule zingefunguliwa Januari, na Mama alikuwa ameshaamua kwamba mjukuu wake wa kwanza atasomea Mombasa, alale kwake, aongee kama mtu. Hilo la kuongea kama mtu ndilo lililonichoma. Yote yalianza na simu moja. Mtoto alikuwa amempigia kwa furaha kumwambia, "Shosho, mbuzi yetu imezaa watoto mbili!" Mama hakuuliza habari za mbuzi. Aliomba kuongea na mimi, akasema, "Mwanangu, hii ni lugha gani?"

Mume wangu ni mtu mzuri, ila mbele ya mama yake hana mfupa hata mmoja. Alisema, "Mama aje aone huku kwanza. Akiona, na bado anamtaka, tutazungumza." Tutazungumza! Mimi nina hasira za karibu. Watu wa Embu husema hiyo ni kawaida ya Wameru. Mimi husema ni kawaida ya mtu aliyechokozwa. Lakini siku hiyo nilimeza mate, nikasema sawa, kama ni kuona, nitamwonyesha.

Kazi yangu ni kuotesha miche. Nina kitalu nyumbani Kaaga, Meru, miche ya parachichi, makadamia na maembe, na huisambaza mwenyewe kwa gari langu la Probox mpaka Embu. Barabara hiyo naijua kama jikoni kwangu. Mama alikuwa ameshukia Embu mjini, ambako mume wangu anafanya kazi, na mimi na mtoto tulikwenda kumpokea tukiwa na mzigo wa miche ya mteja nyuma ya gari. Ningeweza kumfikisha Meru kabla ya chakula cha mchana. Niliamua kutumia siku nzima. Nilitaka azione zote, Embu na Meru, mpaka aone na aibu.

Tuliondoka asubuhi, Mama mbele amejifunga leso, mtoto nyuma kati ya miche. Hatujatoka hata mjini, mtoto akaita, "Shosho!"

Mama akageuka. "Mimi si shosho. Mimi ni bibi yako."

Mtoto akakunja uso. Huku kwetu bibi ni mke wa mtu. "Sasa mimi nitakuwa na bibi aje," akauliza, "na mimi ni msichana?"

Nilicheka mpaka gari likayumba. Mama hakucheka. Alitazama mbele na kusema polepole, kama anayeandika ubaoni, "Aje si kiulizi. Sema vipi."

Niliwapandisha kwanza Kianjokoma, kwa sababu nilitaka aanze na mlima. Asubuhi ikiwa safi, mlima unauona pale mpaka theluji yake, na hakuna mgeni niliyewahi kumpeleka akakosa kunyamaza. Basi siku hiyo mlima ulijifunika ukungu gubigubi, kama uliambiwa nani anakuja. Niliegesha kando ya mashamba ya chai, nikashuka, nikanyoosha mkono kuelekea palipokuwa peupe tu.

"Hapa pana nini?" Mama akauliza.

"Iko mlima."

"Kuna mlima," akanirekebisha. "Ila siuoni. Naona majani."

"Hiyo majani ndiyo imesomesha watu ya huku!"

"Hayo majani ndiyo yamesomesha watu wa huku." Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniongeza hasira. Mimi nimemwambia kwamba majani yale yametoa walimu, manesi na mainjinia katika nyumba za mabati zile anazoziona, na yeye amesikia ngeli tu.

Wakati huo wanawake walikuwa wakipita na vikapu vya majani mgongoni, wakielekea kituo cha kupimia. Hakuna aliyepita bila kumsalimia. Mmoja alisimama na mzigo wake, akamshika Mama mkono kwa mikono miwili, akamuuliza ametoka wapi, amelalaje, baridi haijamsumbua? Mama alikuwa anatetemeka na leso zake mbili. Nikafungua chupa ya chai, nikammiminia, nikamwambia chai hii imechumwa hapo mbele ya macho yake. Akanywa, akatazama shamba, akanywa tena. Kisha akanisogezea kikombe nimwongezee. Hilo nililiweka moyoni.

Kutoka Kianjokoma tuliteremka kuelekea Karurumo, mteja wangu wa miche ya maembe alikokuwa akingoja. Unateremka na joto linakuja kukupokea. Mama alivua leso moja, ya pili akaiachia mabegani tu, na rangi yake ikarudi. Nilipokuwa nashusha miche, yeye na mtoto walikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa amepanga nafaka kando ya barabara. Niliwasikia kabla sijawafikia.

"Nataka hizi pojo," Mama alikuwa anasema, ameshika punje ndogo za kijani kiganjani.

"Hiyo si pojo, ni ndengu," akajibu muuzaji.

"Ni pojo, mwanangu. Nimezila tangu utotoni."

"Aki shosho, nimezipanda mimi mwenyewe. Nisijue jina yake?"

Muuzaji alipoona Mama hatingishiki, akamgeukia mtoto, akamwaga Kiembu chote alichokuwa nacho. Na binti yangu, ambaye Kiembu hajafundishwa na mtu, akamjibu kwa Kimeru. Yule naye akamjibu kwa Kiembu. Wakaenda hivyo, huyu hivi na huyu hivi, wakielewana vizuri kabisa, wakacheka jambo ambalo mimi sikulisikia. Kisha mtoto akamvuta Mama leso.

"Shosho, anasema hii ni ya juzi tu, imetoka shamba yake. Ukipika usiweke magadi, itaiva haraka. Na anasema hata ukiita pojo, yeye atakuuzia tu."

Mama akafungua mdomo. Niliona "shamba lake" ikiwa imefika kwenye meno. Lakini akauliza kitu kingine. "Umemwelewaje? Hicho ni Kimeru?"

"Si Kimeru. Ni Kiembu. Ukisikiliza polepole inaingia."

Jamani, nilivimba kama andazi kwenye mafuta. Miaka sita tu, na alikuwa amesimama katikati ya watu wazima wawili walioshindwa kuelewana juu ya nafaka, akawapatanisha. Nilifunga mlango wa nyuma wa gari kwa kishindo kidogo tu, kile cha mtu mwenye furaha. Mama alipanda na pojo zake magotini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tukaenda masafa marefu bila mtu kurekebishwa.

Tuliporudi kwenye barabara kubwa ya Meru, mito ikaanza. Msafiri wa mara ya kwanza huwa hatarajii. Barabara inashuka, kuna daraja na maji chini yake. Inapanda, inashuka, daraja lingine. Kwenye daraja la nne Mama akaniomba nisimame. Nikaegesha mbali kidogo penye nafasi, tukarudi kwa miguu, akashika chuma na kutazama maji yakipiga mawe.

"Mombasa," akasema, "ninanunua maji kwa mkokoteni. Mtungi kwa mtungi." Akaonyesha chini kwa kidevu. "Na haya yanapita tu?"

"Yanapita tu," nikasema, na kwa bahati nzuri nikapatia.

"Mto huu unaitwaje?"

Kabla sijajibu, mtoto akaanza. Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita. Huo ndio wimbo wetu wa safari za miche; alijua mito kabla ya kujua kuhesabu, kwa sababu kila tukivuka nilimwambia jina. Mama alihesabu kwa vidole, kwa tabia ya darasani. Alipofika cha saba akamtazama mtoto, kisha mimi.

"Na maji yote haya yanakwenda wapi?"

Nilikuwa nimelingojea swali hilo maisha yangu yote, sema sikujua. "Kwenu," nikamwambia. "Inaingia Tana, Tana inaingia baharini. Hiyo bahari mnajivunia, Mama, ni sisi tunajaza. Nyinyi mnaogelea, sisi tumeshaoga."

Mama mkwe wangu akacheka. Hee! Alicheka akiwa ameinamia chuma cha daraja, bega linaruka, mpaka akafuta machozi kwa pembe ya leso. Hata "inaingia" aliisahau. Nilisimama pale nikiona fahari isiyo na haya, kama vile mito nimeichimba mimi.

Basi nikadhani nimeshinda. Tukapita Chuka, tukala ndizi za kupondwa na maharagwe, naye akasifu. Mlima ukajifunua alasiri, nusu tu, naye akautazama mpaka ukafichwa na kona. Nilikuwa nikipiga mluzi tulipopita Nkubu na kufika kwenye ubao wa ikweta.

Pale huwa kuna mtu mwenye beseni na njiti ya kiberiti. Anakuonyesha maji yakizungusha njiti upande huu wa mstari, halafu anavuka hatua chache na kukuonyesha upande ule. "Tazama, mama, hapa inazunguka hivi, na kule inazunguka hivi."

"Yanazunguka," Mama akasema.

"Yanazunguka, inazunguka, si umeona imezunguka?"

Mtoto alisimama na mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini, akaomba apigwe picha. Mama akaja akamshika mkono, akasimama naye vivyo hivyo. Nikawapiga picha. Na hapo, akiwa bado amemshika mkono, akaniambia kwa upole sana, "Mwanangu, nimeona. Kwenu ni kuzuri, na nitasema hivyo popote nitakapokuwa. Lakini Januari nitakwenda naye. Lugha ni maisha ya mtu."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu Embu, kwa Kiswahili safi, na sababu zake moja baada ya nyingine: shule za Kaaga ni nzuri, watu hutoka mbali kuleta watoto wao, mtoto ana lugha tatu tayari, mtoto ana mbuzi. Yote yaliruka. Nilihisi moto umepanda kutoka miguuni, na mdomo wangu ukapasuka hapo barabarani, mbele ya yule mtu na beseni lake:

"Hii mtoto ni yangu!"

Mama aliinua kidole. Nadhani hakujua ameinua. Ilikuwa ni miaka yake yote ya chaki iliyoinua kile kidole.

"Huyu mtoto ni wako," akasema.

Kisha akasikia alichosema. Nami nikasikia. Mwenye beseni akasimamisha maji. Walimu wengine wangerekebisha neno tu, wakasema "wangu", na kutoka kinywani mwa Mama ningesikia anamdai mtoto. Yeye alisema "wako". Ilikuwa sentensi nzima, kila neno mahali pake, na katika maisha yake yule mwanamke hajawahi kufuta sentensi iliyo sahihi. Nilimwona akitafuta njia ya kuirudisha. Nilimwona akiiacha. Kidole chake kikashuka taratibu, akamtazama mtoto.

"Rudia," akaniambia. Sauti ilikuwa imepungua.

"Huyu mtoto ni wangu," nikasema, na machozi yakanitoka, mimi ambaye silii mbele ya watu.

"Vizuri," akasema Mama. "Umepata."

Akamwachia mtoto mkono, akatoa simu kwenye mkoba na kumpigia mwanawe hapo hapo kwenye ubao. Sikumsikiliza, lakini maneno ya mwisho aliyasema kwa nguvu: "Anabaki kwao. Usiniulize kwa nini. Na kila likizo nitakuja mimi, mwambie mkeo aniwekee chumba."

Tulifika Kaaga jua bado lipo. Jirani yangu alikuwa amekuja kumwagilia kitalu, na alipomwona mgeni akishuka na pojo zake kifuani, akamuuliza mtoto huyo ni nani.

Binti yangu alimshika Mama leso, akajitutumua, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hii shosho ni yangu!"

Nikamtazama Mama, nikangoja arekebishe. Nangoja mpaka leo.