Nilimwomba Mama Manka Msamaha kwa Picha

Nimekosa. Naliandika hili mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitazunguka mpaka kosa lionekane la ng'ombe. Kosa ni langu mimi, mzee mzima mwenye mvi, na nililifanya nikiwa sijalewa. Ningekuwa nimelewa ingekuwa nafuu!

Mniwie radhi kwa mwandiko. Shule niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa anatuchumisha kahawa yake kuliko kutufundisha. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri, basi tu bei... tuiache hiyo.

Mimi ni mtu wa mlimani, juu ya Moshi. Kijiji sikitaji. Wenyewe wakisoma watanijua, na wasiojua kusoma wameshasimuliwa.

Kwetu kulikuwa na kilabu cha mbege cha Mama Manka. Huyu mama ni mjane, rika langu, tulipata kipaimara siku moja. Anapika mbege ya ndizi na ulezi ambayo ukinywa kata moja unamsamehe hata mkwe wako. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mgrevilea, na sheria moja: pesa mkononi. Ukimwonyesha simu, anakunjua kiganja chake anakiweka mbele yako. Anakitazama kiganja, halafu anakutazama wewe.

Hakuna aliyelalamika miaka yote hiyo, maana wengi wetu tulikuwa na vitochi, visimu vidogo vya kupigia tu, tena vya kufunga na raba.

Shida ilianza binti yangu Anna alipopanda kutoka Dar kuja Krismasi, akaniletea simu kubwa, ya kioo. Akanifundisha kupiga picha, kutuma picha, na kulipa kwa lipa namba. Akarudi zake Dar. Akaniacha na ugonjwa.

Jamani, nilikuwa mtu wa ovyo! Kiberiti nalipa kwa simu. Chumvi nalipa kwa simu. Nilishuka mpaka Mabogini kununua mchele, nikamwambia mama wa watu anipe lipa namba, mtandao ukakataa, nikasimama juani nimeinua simu juu kama natafuta mvua. Wenzangu waliolipa noti walishafika nyumbani, wamepika, wamekula, wameosha sufuria. Mimi nasubiri meseji. Lakini niliona mimi ndiye niliyeendelea, wao wamebaki nyuma.

Nikawa nagombana na kila duka linalotaka hela taslimu. Na hapo ndipo nilipojifunza tabia zetu, ngoja niwaambie bila kuficha, maana na mimi nimo. Mhindi wa dukani mjini akikataa simu, tunanong'ona anakwepa kodi. Mama wa gengeni Pasua akikataa, tunamwita mshamba. Hoteli ya watalii ikikataa noti zetu ikataka kadi, hapo tunaomba radhi, tunasema ni ustaarabu! Kitu ni kilekile, mtu kachagua anavyotaka kulipwa. Ila sisi tunatazama kwanza ni nani, ndiyo tunajua tumtukane au tumwamkie.

Nirudi kwa Mama Manka.

Siku hiyo kilabu kimejaa. Nimekunywa kata zangu, nikasimama, nikatoa simu mbele za watu, nikamwambia kwa sauti, "Mama Manka, nipe namba nikurushie."

Akakunjua kiganja.

Nikamwambia dunia imebadilika. Kiganja hakikushuka. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Meku, jaribu kumchaji hicho kiganja, pengine betri imeisha." Watu wakacheka mpaka mbege ikamwagika. Meku kwetu ni heshima, ni kumwita mtu mzee. Siku hiyo haikuwa heshima.

Hela taslimu sikuwa nayo. Ikabidi mke wangu aitwe, aje na noti kwenye fundo la kanga, anilipie kama mtoto aliyevunja kikombe cha jirani. Njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Anna, bahati yako nilikukubali kabla hujanunuliwa simu."

Iliniuma. Na mwanamume akiumwa na kicheko, hatafuti dawa, anatafuta wa kumwambukiza.

Nikaanza maneno. Kwanza niliyasema baa ya barabarani, ile iliyobandika lipa namba kila nguzo. Nikasema, mtu anayekataa simu ana kitu anaficha. Hiyo tu. Kwa midomo ya watu ilitosha. Mwalimu mmoja mstaafu akasema ni kodi, mama anakwepa kodi, akatueleza kodi mpaka bia zikapata joto. Kijana wa bodaboda akasema si kodi, ni chuma ulete, yaani ule uchawi wa kuvuta hela za wenzako, ndiyo maana mama anataka noti ipite mkono kwa mkono. Kila mtu akawa na lake. Mtu aliyekuwa anakunywa mbege yake tangu ujana naye akakumbuka kwamba hata yeye alikuwa na mashaka siku zote!

Nikaona naheshimika. Nikaongeza chumvi. Jumapili, kwenye mnada nje ya kanisa, watu wanashindania mikungu ya ndizi na kuku wa sadaka, mimi nasema pembeni kwamba fikirieni wenyewe, miaka yote hiyo noti tupu, benki haendi, simu hatumii, zitakuwa wapi? Mtu akaniuliza, zitakuwa wapi? Nikajibu kama niliyekwenda kuangalia: chini ya sakafu ya kibanda cha kupikia.

Niliitoa wapi hiyo sakafu? Sijui. Ilikuja yenyewe, ikakaa vizuri kwenye sentensi.

Haikupita muda, Mama Manka alikwenda msibani upande wa juu. Kurudi kakuta kibanda kimevunjwa. Sakafu imechimbwa kama shamba la viazi. Walipokosa hela wakamalizia hasira kwenye mapipa, wakapindua mbege yote. Na ile mbege ilikuwa ya harusi ya jirani. Harusi ilikunywa soda, jamani. Soda! Wazee wa mlimani wanatoa baraka huku wanabeua gesi.

Wenye majembe sijui ni nani mpaka leo. Ila ramani niliwachorea mimi.

Na hela je? Hela hazikuwepo, na hazikuwahi kuwepo. Hili alinieleza mtoto wake, Eliamani, anayepandisha wageni mlimani. Mama yake ananunua ndizi kwa wajane wenzake, asubuhi na mapema wanamletea mikungu mlangoni. Wale hawana simu za kulipwa, na wengine macho hayasomi tena. Wanataka noti, watoke hapo wapitie dukani kwa sukari na mafuta ya taa. Sasa Mama Manka akipokea kwa simu jioni, kesho yake alfajiri atawalipa nini? Ashuke bonde zima kwa wakala, akatwe makato, apande tena, ndizi zinamsubiri. Noti zilikuwa zinaingia jioni zinatoka asubuhi. Kulala kwenyewe zililala usiku mmoja tu, na si chini ya sakafu. Siri yenyewe ndiyo hiyo! Ningemuuliza, angeniambia. Sikumuuliza.

Kijiji kizima kilijua maneno yametoka kwa nani. Eliamani akaja kwangu, akaniamkia vizuri, "Shikamoo baba," akakataa kukaa. Akasema, "Mama hataki kesi. Amesema aliyesema aje na sale. Akija, anapika tena. Asipokuja, mapipa yanauzwa."

Kwa wasio Wachaga: sale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani. Mtu akikukosea, akaja na jani la sale amelifunga fundo, akakukabidhi kwa mikono miwili, humkatai. Hata kama alikuchomea nyumba. Huo ndio mkataba wetu tangu mababu.

Kwa hiyo mlango alinifungulia kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuvuka migomba, nipite njia kubwa mchana kweupe, jani mkononi, watu wananiona, niseme nimekosa. Basi. Na kilabu kifunguliwe, na wale wajane wapate pa kuuzia ndizi.

Nikaona aibu. Siku ya kwanza nikasema mvua. Siku nyingine goti. Halafu nikasema huendi kuomba msamaha bila mbege ya kusindikiza, na mpika mbege ni yeye mwenyewe, sasa ninunue kwa nani? Nikajisifu kwa hoja hiyo. Mke wangu akaniambia, "Nenda hivyohivyo, mkavu." Sikwenda.

Nilichofanya, naona haya hata kukiandika. Nilikata sale. Nikaifunga fundo zuri sana, la kizee. Nikailaza juu ya meza, nikapanga na kitambaa cha kufuma cha mke wangu chini yake, nikapiga picha. Nikaituma kwenye simu ya Eliamani. Nikaongeza na kile kikatuni cha mikono miwili iliyoshikana, maana desturi inasema mikono miwili! Na fidia ya mbege iliyomwagwa nikairusha hapohapo kwa simu. Meseji ikarudi, muamala umekamilika.

Nikamwita mke wangu nikamwonyesha. Nikamwambia, yameisha.

Aliitazama ile picha. Akasema, "Kitambaa changu kimetokea vizuri." Akarudi jikoni.

Eliamani alikuwa mlimani na wageni, huko juu mtandao ni wa kubahatisha. Siku zikapita. Mimi nalala usingizi mnono, najiona nimesamehewa, nangoja harufu ya mbege. Kumbe aliposhuka akampelekea mama yake ile simu. Baadaye akaja kunisimulia, na uso wake haukuwa wa kucheka wala wa kununa, na huo ndio mbaya zaidi.

Anasema mama yake aliitazama picha akauliza, "Hili jani lenyewe liko wapi?"

Akamjibu, "Liko kwake, mezani."

"Basi na msamaha wake uko hapohapo mezani. Auchukue."

Halafu Eliamani akanikabidhi noti zimefungwa kwenye jani la mgomba. Fidia yangu imerudi. Akaniambia amelazimika kwenda kwa wakala kuzitoa, kwa hiyo zimepungua. "Mama amesema makato ni ya kwako."

Ile picha ilisambaa, msiniulize nani aliisambaza. Nikawa nikipita vijana wanasimama kwa adabu, "Shikamoo babu, tutumie na sisi." Kule baa ya barabarani, wale walionisaidia kuongeza chumvi ndio waliocheka zaidi. Mwalimu mstaafu akasema yeye siku zote alimjua Mama Manka ni mwaminifu.

Ndipo nikaenda. Kwa miguu, mchana, mke wangu nyuma yangu. Sale mpya mkononi, ile ya mezani ilishanyauka. Watu walitoka mpaka barabarani kutazama. Nilivyoogopa ile njia wiki zote hizo, na kumbe ni fupi vile!

Mama Manka alikuwa anapalilia. Nikapiga magoti, na goti kweli linauma, hilo sikudanganya. Nikamwambia, "Nilikusingizia. Nilichekwa, nikataka na wewe uchekwe."

Akafuta mikono kwenye kanga. Akaipokea sale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akaniinua. Akasema, "Nimekusamehe, Baba Anna. Sina kinyongo."

Nikamuuliza, na kilabu?

"Mapipa yalichukuliwa Alhamisi."

Nikasema tutayarudisha, nitayanunua mengine mimi mwenyewe, tena kwa noti. Akatabasamu kidogo. Akasema, "Msamaha nimekupa kwa sababu ya hili jani, silikatai. Ila nilikuwa nakaa na hela za watu na mlango wa kusukuma tu, nalala. Sasa kila kikohozi nje nainuka. Hilo halina jani lake."

Akarudi kwenye jembe.

Sasa kijijini kwetu tumeendelea. Tunakunywa baa ya barabarani, bia ya chupa, kwa lipa namba. Mtandao ukikatika tunakaa kama vifaranga, koo zimekauka, kila mtu anatikisa simu yake. Wale wajane wanashusha ndizi sokoni mjini, wananipita alfajiri na mikungu kichwani. Wananiamkia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyenitukana, ningefurahi wangenitukana.

Wewe unayesoma hapa, ukikuta mtu anataka hela mkononi, mpe, au nenda duka la jirani. Ukitaka kujua sababu, muulize yeye. Usimjazie magunia ya hela chini ya sakafu kwa mdomo wako, kuna watu wana majembe.

Na kama umeshafanya, usitafute mtandao. Vaa viatu uende leo.