Mkono wa Mama Solange

Leo kitivo cha kemia kimeadhimisha historia yake, na historia yenyewe imekuja ikagoma kusogea.

Mi nilikodiwa kupiga picha. Kemia sikusoma, kamera nilijifunza mwenyewe.

Ukumbini wametundika bango la picha ya kwanza ya maabara: maprofesa watatu, na pembeni mkono ulioshika chupa. Mwenye mkono wamemkata.

Ni Mama Solange, anayeosha vyombo vya maabara tangu kitivo kilipokuwa chumba kimoja. Bado yuko kazini, jamani.

Ameliona bango. Kisha akaenda kusimama pale pale mkono wake ulipokatiwa.

Doyen, yaani mkuu wa kitivo, akamwambia kwa adabu: “Mama, sogea kidogo, wageni wanataka picha.”

“Nisogee wapi, Doyen? Mukono yangu iko hapa. Mi nimeifuata tu.”

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakusogea mpaka soda zikaisha.

Baadaye Doyen ameniomba nimkate kwenye picha za leo. Bon, nimekataa.

Hizi hapa zote, naye yumo katika kila moja. Nyinyi mliovunja chupa zake mkiwa wanafunzi, msalimieni hapa chini, kwa jina lake.